Mikoko ya Mombasa na kazi isiyo na karatasi

Takwimu inayopendwa zaidi kuhusu mikoko ya Mombasa ni idadi ya miche iliyopandwa. Kampuni hupanda, shule hupanda, mashirika na viongozi hupanda, na jioni yake tunaarifiwa kwamba miche elfu kadhaa imeongezwa kando ya hori ya Tudor, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, au kule Port Reitz. Ni nadra kusikia mtu akiuliza ni wangapi waliokuwa wakila kutokana na mikoko iliyokwishasimama pale kabla ya wageni kufika na ndoo zao. Siulizi hivyo kwa kuuchukia upandaji miti. Nauliza kwa sababu msitu huu, tofauti na misitu mingi ya bara, ni mahali pa kazi kwa watu ambao majina yao hayamo katika daftari lolote la serikali, na kazi ambayo haikuandikwa popote ndiyo iliyo rahisi kufutwa siku ardhi yake inapotakiwa kwa shughuli nyingine.

Mpango wa taifa wa usimamizi wa mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027 unaonyesha kwamba Kenya ina takriban hekta 61,271 za mikoko, na kwamba zaidi ya nusu yake iko Lamu. Mombasa ina hekta 3,771 tu, nyingi zikizunguka hori mbili zinazokikumbatia kisiwa, yaani Tudor na Port Reitz. Kwa mpanga bajeti wa Nairobi eneo hilo ni dogo kiasi cha kusahaulika. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa na watu 143,920 katika kaunti ya Lamu, na ukiziweka takwimu hizo karibu na zile za hekta utaona tofauti yenyewe: Lamu ina msitu mkubwa na watu wachache, Mombasa ina msitu mdogo uliozingirwa na watu wengi, wengi wao wakiwa wapangaji wa nyumba za chumba kimoja huko Jomvu, Mikindani, Mishomoroni na Tudor kwenyewe. Hekta moja ya hapa huegemewa na watu wengi kuliko hekta moja ya kule, na sera zinazotungwa kwa kuangalia ramani ya nchi nzima hazilioni jambo hilo.

Mtazame mvuvi wa kaa wa matope anavyofanya kazi. Maji yanapopwa, hasa siku za bamvua ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa Mombasa hukaribia mita 4, huingia msituni kwa miguu akiwa na fimbo yenye ndoana ya chuma nchani, kikapu, na vipande vya kamba. Anachotafuta kwanza ni shimo. Udongo mbichi uliosukumwa mlangoni humwambia kwamba mwenyewe yumo ndani, na upana wa mlango humwambia ukubwa wake. Huipenyeza fimbo kwa kuilaza mpaka asikie chuma kimegusa gamba, kisha huvuta kwa subira, kwa maana kaa aliyeng'oka gando hushuka bei papo hapo. Akishatoka hufungwa magando yote mawili, akalazwa kikapuni na kufunikwa kwa majani mabichi ili afike kwa mnunuzi akiwa hai, kwani kaa aliyekufa njiani hana hoteli itakayomtaka. Siku za maji mafu, bahari inaposita na matope yakabaki chini ya maji kwa muda mrefu, kipato chake hupungua na hakuna la kufanya ila kusubiri mwezi ugeuke. Mtaji wake wote ni fimbo moja na ujuzi wa kuusoma msitu. Hana mashua wala injini, hana chombo cha kukatiwa leseni, na kwa hiyo hakuna ofisi iliyo na sababu ya kumjua.

Nyuma yake kuna wanawake. Mama karanga wa Mikindani, yaani mkaanga samaki wa kuuza, hununua chaa, mkizi na samaki wengine wadogo wa hori ambao matajiri wa samaki hawawataki, mara nyingi kwa mali kauli: huchukua asubuhi bila kulipa, hukaanga mchana, huuza jioni kando ya barabara, na deni hulipwa kabla ya maji ya alfajiri kupwa tena. Karai lake ndilo kitoweo cha nyumba nyingi ambazo bei ya nyama ya ng'ombe imezishinda. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba samaki wanapopungua horini, anayeumia kwanza ni mama huyu, kabla ya mvuvi. Mvuvi aliyerudi na samaki wachache bado atampata wa kumuuzia. Atampa mwenye pesa taslimu mkononi, na mali kauli itakatika siku hiyo hiyo. Takwimu za samaki waliofikishwa dikoni, mahali wanaposhushiwa, haziwezi kuonyesha hasara ya namna hii, kwa sababu samaki wale wachache bado wamepimwa na wameuzwa. Kilichopotea ni mkopo, na pamoja nao biashara ya mtu.

Uhusiano wa karai hilo na mizizi ya mikoko ni wa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Kamba hutaga baharini, watoto wake huletwa horini na maji yanayojaa, hukulia katikati ya mizizi ambako chakula ni kingi na samaki wakubwa hawapenyi, kisha hurudi bahari wazi wakishapata nguvu. Baadhi ya samaki tunaowajua kuwa wa mwambani nao hupitisha utoto wao humo. Majani yanayodondoka huburutwa na kaa mpaka mashimoni, yanayobaki huoza, na uozo huo huwalisha viumbe wadogo ambao ndio chakula cha hao wengine. Wakati huo huo mashimo yenyewe hupitisha maji na hewa katika udongo mzito ambao bila hayo ungekuwa kaburi la mizizi. Maana yake ni kwamba mvuvi anayetega madema nje ya Nyali, ambaye pengine hajakanyaga matope ya Junda, ukingoni mwa hori ya Tudor, maishani mwake, ana sehemu ya riziki yake iliyowekezwa huko. Maana yake pia ni kwamba kaa wakivuliwa wakiwa wadogo mno, au majike yenye mayai yasipoachwa, anayedhurika ni msitu pamoja na mvuvi wa kesho. Sisemi kwamba watu wa hori hawana kosa lolote.

Zamani riziki iliyojulikana zaidi ilikuwa ya miti yenyewe. Ukiingia nyumba kongwe za Mji wa Kale na kuinua macho utaona boriti zikibeba dari, na utatambua kwa nini vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Fito, pau, boriti na nguzo ziliuzwa kwa korija, miti 20 kwa kila korija, na majahazi ya kaskazi na kusi yalizibeba mpaka Arabuni kwa karne nyingi, hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wake nje ya nchi mwaka 1982. Kati ya aina za mikoko, mlilana ulitoa mataruma, yaani mbavu za vyombo, na gome la mkandaa lilitoa rangi ya kutia ngozi. Biashara hiyo bado ina uhai Lamu. Kwa Mombasa imebaki kivuli, kwa kuwa miti iliyonyooka imekwisha katika sehemu nyingi za Tudor, na kinachokatwa sasa aghalabu ni kuni.

Katika kuni hizo kuna habari ambayo mikutano ya mazingira huizunguka kwa adabu, nayo ni chang'aa. Ndani ya mikoko ya Tudor kuna wapishi wa pombe, na sababu si ngumu kuielewa: mikoko inaficha, maji yapo ya kupozea mtambo, na kuni za mkoko huwaka kwa moto mkali usiozimika upesi. Polisi huvamia, mapipa humwagwa, na baada ya siku chache moshi huonekana tena. Wapishi hao, ambao wengi ni wanawake wenye watoto wa kusomesha, huorodheshwa katika ripoti kama tishio kwa mikoko, na hiyo ni kweli, ila ni kweli pia kwamba wao ni sehemu ya wale ambao mikoko inawalisha. Doria peke yake haijawahi kumpa mtu kazi ya badala. Marufuku nayo ina tabia ya kumkamata anayeonekana: amri ya Februari 2018 iliyosimamisha ukataji miti katika misitu ya umma nchini kote iliwafungia kazi wakataji boriti wa Lamu waliokuwa na vibali na mipaka yao, ilhali mkataji wa usiku wa Mombasa hakuwa na kibali cha kufutiwa.

Lakini tusimbebeshe mpika pombe mzigo wa wote. Watafiti waliolinganisha picha za angani walikuta kwamba kati ya mwaka 1992 na 2009 Tudor ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake, na Mwache, upande wa Port Reitz, ilipoteza karibu nusu. Panga halimalizi msitu kwa kasi hiyo peke yake. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha udongo kutoka mashamba ya juu yaliyokwishavuliwa miti, udongo ukaifukia mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa ikiwa imesimama. Mwaka 2005 mafuta ghafi yalivuja kutoka meli ndani ya bandari na kuingia katika mikoko ya Port Reitz. Maji taka ya mitaa isiyo na mabomba ya kuyaondoa huishia horini kila siku, na takataka za Kibarani zililundikwa kwa miaka mingi ukingoni mwa maji kabla ya jaa lile kufungwa. Ongeza barabara, reli na viwanja vya makontena. Daraja jipya la Makupa lililofunguliwa mwaka 2022 lilichukua mahali pa tuta la kale lililokuwa limeuziba mkondo, na hilo ni jambo la kushukuru, kwani ni mara chache ujenzi mkubwa hapa kwetu huirudishia bahari njia yake.

Sheria haikukosekana. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, tangazo lililotiwa nguvu upya mwaka 1964. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inaiweka ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa katika fungu la ardhi ya umma. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaziruhusu jumuiya za wenyeji kuingia mkataba na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na kupewa haki za matumizi kama vile kufuga nyuki, kuokota kuni zilizokauka na kuendesha utalii. Pamoja na hayo yote, viwanja vyenye hati hujitokeza mahali ambapo maji ya bamvua hufika, kifusi humwagwa usiku, na ukuta huota. Anayejenga huwa na karatasi, hata kama karatasi hiyo ina walakini. Anayefukuzwa hana hata moja, na mbele ya afisa wa ardhi huonekana mpita njia aliyekutwa na fimbo matopeni.

Hapa ndipo mfano wa Gazi unapotajwa, na ni mfano unaostahili heshima. Kule Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni umekuwa ukiuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti huifyonza na kuihifadhi, tangu mwaka 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, kiasi cha tani 3,000 hivi kwa mwaka, na mapato yake yameingia katika maji, shule na mahitaji mengine ambayo wanakijiji wenyewe waliyapigia kura. Ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017, na Vanga ikafuata njia hiyo hiyo kwa eneo kubwa zaidi. Wanawake wa Gazi wana daraja lao la mbao ndani ya msitu ambalo wageni hulipia kupita, na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo makao yake yako hapa hapa Mombasa, Mkomani, wamekuwa nao tangu mwanzo.

Hata hivyo, anayedhani kwamba Tudor inaweza kuwa Gazi kwa kunakili nyaraka hajaipima tofauti. Gazi ni kijiji: watu wanajuana, mpaka wa msitu unajulikana, na mzee akisema kijana fulani alionekana na panga, kijana huyo ana baba wa kuitwa. Fedha zinazopatikana ni za kutosha mfereji na madawati ya vijiji viwili. Zikigawiwa kwa mitaa ya Tudor hazingefikia bei ya unga wa siku moja. Marekebisho ya mwaka 2023 ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi yanaitaka miradi ya kaboni iliyo ardhini kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama, na hilo ni jema, lakini linatulazimisha kujibu ni nani aliye jamii katika hori yenye wapangaji waliohamia mwaka jana, wavuvi ambao babu zao walizaliwa Jomvu Kuu, na kampuni zenye maghala ukingoni. Orodha hiyo isipoandikwa kwa uangalifu, asilimia 40 itakwenda kwa wenye kujua kuandika barua. Kwa maoni yangu, thamani kubwa ya mikoko ya Mombasa mjini bado ni samaki, kaa, kamba na ulinzi wa ukingo. Kaboni ije kama nyongeza, na isije ikawa sababu ya kumwekea uzio mvuvi anayeingia kwa miguu.

Upandaji wenyewe nao unahitaji kusemwa ukweli. Mikoko haioti popote penye matope. Mlilana hukaa mbele, ukitazamana na bahari. Aina iitwayo mkoko hasa hufuata nyuma yake kando ya mikondo. Muia na mkandaa hupenda ndani zaidi. Mchu huvumilia chumvi ya nyuma kabisa ambako maji hufika mara chache. Tunachokiona mara nyingi ni aina hiyo ya mkoko kupandwa kila mahali, kwa kuwa tunda lake refu huokotwa kwa urahisi, huchomekwa kwa mkono, na husimama wima mbele ya kamera siku hiyo hiyo. Likichomekwa mahali pa mlilana hung'olewa na mawimbi au huzidiwa na chaza wanaolishika kama gamba. Vikundi vya vijana vya Jomvu na Tudor vinavyootesha miche katika bustani zao vinalijua hili kwa kuliona, ila wao hulipwa kwa kila mche unaouzwa, na mnunuzi anataka idadi. Malipo yakihamishwa yakawa kwa mche ulio hai baada ya miaka mitatu, kazi ya kijana ingedumu miaka mitatu badala ya asubuhi moja, naye angekuwa na sababu ya kumzuia mbuzi na mwenye panga.

Nikirudi kwenye suala la karatasi, tunayo hukumu ya kuitazama. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari ya Lamu, na ikatambua kwamba uvuvi wao wa jadi ni haki inayolindwa na Katiba. Malipo yalikuja kwa mvutano mrefu, ila msingi uliwekwa: mtu anaweza kuwa na haki juu ya maji ambayo hana hati yake. Kilichowasaidia ni kwamba waliweza kuhesabika. Swali la Mombasa ni nani angehesabika leo. Vikundi vya usimamizi wa fuo, hao tunaowaita BMU, vina madaftari ya wanachama, lakini uzoefu unaonyesha kwamba daftari huanza na mwenye chombo, akafuata baharia wake, na mvuvi wa kaa wa miguu au mwanamke anayetanda uduvi kwa kitambaa hubaki nje kwa kuwa hakuna chombo cha kumwandikia nambari.

Kuwaandikisha si kazi ya mabilioni. Serikali ya kaunti ina maafisa wa uvuvi, KFS ina askari wanaowajua watu hao kwa sura, na jumuiya za misitu zipo. Kinachohitajika ni kibali cha bei ndogo kinachotaja kazi ya mtu, eneo la hori analolitumia na zana anayotumia, kikiambatana na masharti anayoweza kuyatimiza, mathalani ukubwa wa kaa anayeruhusiwa kuuzwa. Wapo watakaosema kwamba kibali ni kodi nyingine juu ya maskini, na wasiwasi huo hauna budi kujibiwa kwa kuweka ada ya chini kabisa au kuifuta kwa miaka ya kwanza. Bila kibali lakini, hakuna tathmini ya mazingira itakayowataja, na mjenzi ataendelea kuandika kwamba eneo lake halina watumiaji.

Mahali pa kuanzia ni upande wa kusini wa bandari, ambako ujenzi wa eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu unaendelea na ambako barabara mpya tayari imepita juu ya mikoko. Wavuvi wa Mwangala, na wenzao wa Tsunza walio ng'ambo ya mpaka wa Kwale, bado huingia horini kila maji yakipwa. Kaunti hizi mbili zinatumia hori moja na zinaweza kukubaliana kuwa na daftari moja, likafunguliwa kabla awamu inayofuata ya ujenzi haijafika ukingoni.